Kambale wa lambo la Mwamapalala aliyetaka kumhamisha shangazi yangu, na chura wa mpira aliyemtoa majini

Wakuu, salaam kwenu wote, mlio kazini na mlio kitandani.

Naanza kwa kuwawahi wale wa "weka picha". Picha sina. Simu ilikuwa mfukoni nilipoingia kwenye maji mpaka kiunoni, na huko mbele mtaelewa kwa nini sikukumbuka kuitoa. Atakayeona hii ni chai tu ya kutunga aagize na maandazi kabisa. Mimi naandika kilichonikuta.

Naishi Bariadi mjini, nina duka la spea za pikipiki. Ugonjwa wangu ni uvuvi wa ndoano. Sizungumzii ule wa kamba na mnyoo tuliokua nao, nazungumzia wa rod, ile fimbo ya kisasa, reel ya kuzungushia uzi, na chambo bandia. Nilianza kwa kuangalia video za Wamarekani wanaovua samaki wao anaitwa bass. Yule samaki huku kwetu hayupo, lakini tabia yake ni ya jambazi: anajificha kwenye majani, anavizia, kisha anarukia kitu chochote kinachopita na kujidai mnyonge.

Nikajiuliza, sisi Simiyu jambazi wetu ni nani?

Ukienda ziwani upande wa Busega, jambazi ni sangara. Ukija huku ndani, kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe, jambazi ni kambale. Basi mbinu zote za bass nikazihamishia kwa hao wawili. Mke wangu anaziita lure zangu, hizo chambo bandia, "wanasesere". Akisafiri mtu Kariakoo namwagiza mwanasesere.

Sasa twende kwenye mkasa.

Siku moja dukani nikapigiwa simu na shangazi yangu, Shangazi Minza, dada wa marehemu baba. Ni mjane, anaishi peke yake upande wa Mwamapalala, kwenye mji alioolewa akiwa binti. Nyumba yake ndiyo iko karibu kuliko zote na lambo la kijiji.

Hakunisalimia. Alisema tu, "Mwanangu, njoo na pikipiki yako unisaidie kufunga mizigo. Wanataka nihame."

"Nani wanataka?"

"Njoo kwanza."

Nikafunga duka. Rod yangu huwa naifunga kwenye pikipiki kwa mpira kila ninapotoka mjini, ni mazoea tu, kama mwingine anavyobeba koti la mvua. Siku hiyo sikuwa na wazo lolote la kuvua.

Nikamkuta amekaa uani anapepeta mtama, katulia kama hakuna kitu. Ila vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye kanga.

Akanieleza. Tangu maji ya lambo yaanze kupungua kiangazi hiki, vifaranga vya bata wa Mama Kabula vimekuwa vikipotea majini. Bata mama anaogelea mbele, watoto nyuma kwa mstari, mara wa mwisho hayupo. Hakuna mwewe, hakuna mbwa. Maji yanatikisika, basi. Kisha ndama wa Mzee Masunga akakutwa amekufa kwenye tope la ukingoni.

Mzee Masunga ni mfugaji, mtu wa ng'ombe wengi na sauti kubwa. Yeye ndiye aliyesema kwa mdomo wake kwamba kwenye lambo kuna kitu, na kitu hicho kina mwenyewe.

"Wameniona nikimwaga makoko ya ugali na maji ya kuoshea dagaa pale lamboni, kwenye jiwe langu la kuoshea vyombo," Shangazi akasema. "Kila siku jioni, miaka yote. Sasa wanasema namlisha jini langu. Na huwa naimba nikiosha vyombo. Wanasema naongea nalo."

Akapepeta kidogo.

"Masunga siwezi kumshangaa. Lakini Mama Kabula, mwanangu. Tumelima pamba pamoja, nimempokelea watoto wawili. Leo akiniona anapitia njia ya mbali."

Mkutano wa kitongoji ulikuwa umeitishwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wakuu, mliokulia usukumani mnajua neno uchawi likishamkalia bibi mjane huwa halitoki kwa maji wala sabuni. Mnajua pia linavyoweza kuishia. Niliogopa. Nilikuwa tayari kumbeba siku ileile twende Bariadi.

Jua lilipoanza kushuka akachukua sufuria zake kwenda jiweni, nikamfuata. Akakwangua makoko, akayatupa. Akamwaga maji ya dagaa.

Kimya kidogo.

Halafu umbali wa kama hatua thelathini, kwenye majani ya yungiyungi, nikaona majani yanasukumwa. Kitu kinakuja chini kwa chini, polepole, kinainua majani kama mtu anayetambaa chini ya mkeka. Kilipofika jiweni maji yakavimba, makoko yakanywewa: *chwap*. Nikaona masharubu. Nikaona kichwa, kipana kama beleshi.

Nikakaa chini palepale.

"Shangazi," nikasema, "jini lako ni kambale."

Akanitazama. "Kambale wa ukubwa huo?"

"Umemlisha miaka yote. Ulitaka awe mdogo?"

Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu nifike. Kisha akasema, "Ukiwaambia watasema umepewa dawa. Watataka kumwona."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba pikipiki yangu ina rod.

Niseme kidogo kuhusu vifaa, wapenzi wa ndoano mnisikilize, wengine rukeni.

Rod yangu ni ya futi saba, nzito kiasi, ngumu mgongoni na laini nchani. Reel ni ile ya kawaida ya kuning'inia chini. Zile za juu wanazotumia Wamarekani nilijaribu, kila nikirusha uzi ulikuwa unajisokota kama kiota cha ndege. Uzi ni braid, wa kusukwa, kwa sababu kwenye majani unahitaji uzi usiovutika na unaokata majani kama kisu. Kwenye majani hakuna ustaarabu wa uzi mwembamba.

Lure niliyochagua ni chura. Chura wa mpira, mwili mtupu ndani, ndoano mbili zimelala mgongoni kwake ili zisinase majani. Unamrusha juu ya yungiyungi, unamburuta, anapita juu kwa juu. Samaki akimng'ata, mpira unabonyea, ndoano zinatokeza. Kwa malambo yetu yaliyojaa magugu sijaona kitu kinachomshinda.

Ijumaa asubuhi nikaenda. Ng'ombe walikuwa wanashuka kunywa, na wachungaji wakasimama kuangalia mtu mzima anayerusha mdoli kwenye maji. Mzee Masunga naye alikuwepo, fimbo begani.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia.

Akaitikia, maana salamu hainyimwi mtu. Kisha akauliza, "Unavua nini hapo?"

"Hicho kinachokula bata, mzee."

Akatabasamu upande mmoja. "Kile hakivuliwi kwa mpira."

Nikarusha mara kadhaa. Hakuna kitu. Nikarusha tena, chura akapita juu ya majani, akaangukia kwenye upenyo wa maji. Nikamtikisa. Nikamwacha. Nikamtikisa.

Maji yakapasuka.

Wakuu, nilishtuka kama nimepigwa shoti. Nikavuta rod kwa nguvu zangu zote. Chura akaruka kutoka majini, akapita juu ya kichwa changu, akaenda kunasa kwenye pembe ya ng'ombe wa Mzee Masunga.

Wachungaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Masunga hakucheka. Alimnasua yule ng'ombe, akanirudishia chura wangu mkononi, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayemaanisha, "Umeona? Kimekurudishia. Mchukue shangazi yako uende naye, kijana. Nakuambia kwa wema."

Hilo ndilo lililoniuma. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini.

Nikarudi uani nikiwa mdogo kama punje ya mtama. Mbaya zaidi, nilikuwa nimewaongezea ushahidi. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mtu wa Bariadi kaja na dawa yake ya mpira, na jini limeikataa.

Shangazi akaniwekea michembe ya viazi vitamu na chai. "Ilikuwaje?" akauliza. Nikamweleza, kwa mikono na mdomo.

"Ulivuta alipofungua mdomo au alipofunga?"

Nikafikiria. "Alipofungua."

"Basi ulimnyang'anya," akasema, akaendelea na kazi zake.

Na ukweli ulikuwa huo. Kosa la kila anayeanza na chura ni kuvuta pale anaposikia mlipuko. Mlipuko unausikia kwa sikio. Subiri usikie uzito mkononi. Bass ana haraka, na hata kwake unatakiwa uvute pumzi kwanza. Kambale ni mzee: macho yake mabovu, anafuata mtikisiko na harufu, na mara nyingi anakosa shabaha ya kwanza. Ukitulia anarudi. Ukivuta umempa taarifa.

Mchana huo nikarekebisha mambo.

Kwanza, harufu. Nikaponda dagaa na mafuta kidogo, nikamjaza chura tumboni kwa kijiti. Pili, miguu ya chura, zile nyuzi ndefu za mpira, nikazipunguza upande mmoja ili ayumbe akivutwa, kama kifaranga aliyechoka. Tatu, mbele ya braid nikafunga kipande cha nailoni nene, maana mdomo wa kambale ni kama msasa, akikusugulia uzi anaumaliza. Nne, breki ya reel nikaikaza mpaka mwisho. Kwenye majani ukimpa samaki uzi ameshakwenda kukufungia kwenye mashina, na hapo umebaki kuvua kichaka.

La tano halikuwa la vifaa. Nilimwomba Shangazi aende jiweni jioni kama kawaida yake, na sufuria zake, na aimbe.

"Watu watakuwepo," akasema.

"Ndiyo maana."

Akafungua mzigo wake mmoja, akatoa kanga nzuri, akajifunga.

Jioni watu walikuwa wengi kuliko asubuhi. Ng'ombe walikuwa wanakunywa, lakini nusu ya watu hawakuwa na ng'ombe. Mama Kabula alisimama mbali, mikono kifuani. Masunga alikuwa kwenye ukingo wa tope.

Shangazi akashuka jiweni, mgongo umenyooka. Akaanza kuimba, wimbo wa kulimia wa zamani. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Akatupa makoko. Akamwaga maji ya dagaa.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikasikia mtu anasema, "Anaita."

Nikasema moyoni, ndiyo, aite.

Majani yakaanza kuinuka. Safari hii kila mtu aliona. Ng'ombe mmoja akarudi nyuma. Nikarusha chura mbele ya ile njia ya majani, mbali kidogo ili nisimshtue, nikamburuta taratibu hadi kwenye upenyo. Nikamtikisa mara moja.

Nikamwacha.

*Chwap!* Akakosa. Chura akarushwa pembeni akabaki anaelea. Mikono yangu ilitaka kuvuta jamani, kila mshipa ulitaka kuvuta. Nikaing'ata midomo. Nikasubiri. Nikamtikisa kidogo sana, kama kitu kinachokata roho.

Chura akazama. Hakukuwa na kishindo wala povu, alitoweka tu.

Nikasubiri mpaka nikasikia uzito, kama mtu ameshika upande wa pili wa kamba. Nikapunguza uzi uliolegea, nikashusha ncha ya rod, kisha nikavuta kwenda juu na mgongo wangu wote.

Rod ikajikunja hadi kwenye kishikio. Upande wa pili hakikusogea kitu. Nikadhani nimenasa gogo. Kisha gogo likageuza kichwa.

Sijui mlivuta nini maishani mwenu. Mimi nilivutwa. Viatu vilichora mifereji kwenye tope. Alikwenda kulia, nikamkatalia. Akaenda kwenye mashina ya matete, nikalaza rod upande na kumkatalia. Braid ilikuwa inakata majani ya yungiyungi, unasikia *shwii shwii*. Nikaingia majini bila kujua, magoti, mapaja, kiuno. Simu yangu ndiyo ilifia hapo, Mungu ailaze pema.

Nikamleta juu. Akapiga mkia, maji yakawalowesha walio ukingoni, watu wakakimbia wakipiga yowe. Nilikuwa peke yangu, mkono mmoja rod, mkono mwingine hauna pa kumshika, na yeye alikuwa anazungusha mwili kama mtu anayekamua nguo. Nilijua akizunguka tena mara mbili nailoni inakatika.

Nikapiga kelele, "Nisaidieni! Mtu mmoja tu!"

Hakuna aliyesogea.

Kisha nikasikia mtu anaingia majini kwa hatua nzito. Mzee Masunga. Ameitupa fimbo, ameivua shuka yake. Uso wake ulikuwa na hofu wazi kabisa, lakini alikuwa anakuja.

"Nishike wapi?" akauliza.

"Mzee, usishike mapezi ya ubavuni, yana miiba! Funika kichwa kwa shuka, kisha mkumbatie!"

Akamfunika. Akamkumbatia kama anavyokumbatiwa ndama anayepigwa chapa. Wakaanguka wote wawili, wakapotea majini, wakaibuka. Masunga alikuwa anapiga kelele kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika humu, mods wa jukwaa watanifungia. Tukamburuta hadi kwenye nyasi kavu, tukaanguka kila mtu upande wake, tunahema.

Masunga akafunua shuka. Akamtazama yule mnyama kwa muda mrefu. Masharubu, macho madogo, mdomo unafunguka na kufungika.

"Mumi," akasema. Hilo ndilo jina la kambale huku kwetu. Akalirudia kwa sauti ili wote wasikie. "Ni mumi, gete, kweli kabisa!"

Lakini mtu mmoja nyuma akasema hata jini linaweza kujigeuza samaki. Nilijua atatokea. Nikaomba kisu, nikampa Masunga mwenyewe. "Pasua wewe, mzee. Mimi wataniambia nimefanya mazingaombwe."

Akapasua tumbo. Makoko ya ugali. Chura wa kweli. Dagaa. Kisha miguu miwili midogo ya bata, na mmoja umefungwa uzi mwekundu.

Mama Kabula alikuwa amesogea bila watu kumwona. Bata wote wa kijiji wanafanana, yeye huwafunga wake uzi mwekundu wasichanganyike. Akauona uzi ule. Akaketi chini kwenye tope, na gauni lake zuri, akaanza kulia.

"Minza," akasema. "Minza, dada yangu. Nimekufanya nini mimi?"

Shangazi alikuwa bado amesimama kwenye jiwe lake, sufuria mkononi. Akashuka, akamfuata, akakaa naye tope hilohilo. Sikusikia walichoongea. Niliona tu kanga ile nzuri ikitumika kufuta nyuso mbili.

Mizani ya kupimia pamba ikaletwa kwa baiskeli, samaki akaning'inizwa kwenye ndoano yake. Alipita kilo ishirini. Watu wakashangilia kama timu imefunga dakika za mwisho. Walionicheka asubuhi wakawa wananiomba wamwone chura.

Usiku huo waliopenda walikula. Waliosita waliachwa, hakuna aliyelazimishwa.

Jumamosi mkutano ukafanyika kama ulivyopangwa, ila ajenda ilikuwa imegeuka. Masunga alisimama mwenyewe kabla hajaitwa. Akasema ndama wake alinasa kwenye tope kwa sababu wachungaji wake walilala, na yeye alilishuku hilo tangu mwanzo, ila ilikuwa rahisi zaidi kuamini jini na kumtafuta mtu asiye na wa kumtetea. Akamwomba Shangazi radhi mbele ya wote. Wazee wakamtoza mbuzi jike, akamleta mwenyewe akimvuta kwa kamba.

Shangazi akapewa nafasi ya kusema. Alisema maneno machache: "Mimi nimeolewa hapa na mume wangu nimemzikia hapa. Sihami. Na makoko nitamwaga palepale." Akakaa. Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza.

Kwenye ndoano: ukisikia kishindo, tulia. Subiri uzito. Vifaa vikubwa kwenye majani si ushamba. Na usivue sehemu kwa sababu inapendeza kwa macho, vua pale samaki anapopata chakula. Kila lambo lina jiwe la kuoshea vyombo, anzieni hapo.

Kwenye maisha: ukisikia kijiji kimempata mchawi, kabla hujafunga mizigo ya mtu nenda kaangalie maji kwa macho yako. Wengi wa mama zetu walihamishwa, na wengine wakafanyiwa mabaya zaidi, kwa vitu ambavyo vingepasuliwa tumbo vingekutwa na makoko ya ugali.

Wenye uzoefu na chura wa mpira, au na sangara wa kuvuliwa ukingoni upande wa Busega, karibuni mshushe madini. Wa "chai" nao karibuni, ila mje Mwamapalala mjionee.

Mtamkuta Shangazi hajamchinja yule mbuzi, amemfuga. Amempa jina, anaitwa Samahani. Jioni akichelewa kurudi, Shangazi anatoka uani na kumwita kwa sauti ya juu, "Samahani! Samahani!", na Mzee Masunga akiwa lamboni na ng'ombe wake anaitikia kutoka ng'ambo, "Nimesikia, Minza! Nimesikia!"